Giaboksi ya CVT inayogoma kwenye foleni tu, na hitilafu iliyorudi hata baada ya kubadilisha giaboksi nzima

Mkazi_wa_Kimara

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo kwa wenye ujuzi wa gia za otomatiki, hasa hizi za CVT (zinazotumia mkanda na puli badala ya gia za meno), kwa sababu nimefika mahali ambapo kila fundi ninayemwendea ananiambia lake, na fedha zinazidi kutoka bila gari kupona.

Gari langu ni dogo la Kijapani la mwaka 2009, injini ya sisi 1,500, nililoliagiza likiwa limeshatumika huko kwao na kulipokea bandarini Dar es Salaam miaka mitano iliyopita. Sitataja kampuni iliyolitengeneza wala gereji zilizolishughulikia, kwa kuwa ninachotafuta ni ufumbuzi na si kumchafulia mtu jina. Naishi Kimara na kazi yangu iko Posta, hivyo napita Barabara ya Morogoro kila siku, na wanaoijua njia hiyo wanafahamu muda ambao mtu hukaa kwenye foleni asubuhi na jioni.

Tatizo lilianza Novemba ya mwaka jana. Nilikuwa Ubungo narudi nyumbani jioni, kiyoyozi kimewashwa, watoto wawili wako kiti cha nyuma. Foleni iliposogea nikakanyaga mafuta, na mshale wa mizunguko ya injini ukapanda hadi 3,000, lakini gari likawa linajivuta kama lililofungwa mzigo nyuma, huku likitoa mlio mwembamba ambao sikuwahi kuusikia. Taa ya cheki injini ikawaka. Nililisogeza pembeni kwa shida, nikalizima na kukaa kama robo saa, na nilipoliwasha tena likaenda vizuri hadi nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza alilipima kwa mashine akapata kodi (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari) P0868, ambayo alinieleza kuwa maana yake ni presha ya oili ya giaboksi kuwa ndogo, pamoja na P0776 inayohusu solenoidi (valvu ndogo inayoendeshwa kwa umeme) ya kudhibiti presha. Alizifuta, taa ikazimika, nikalipa na kuondoka. Baada ya siku kumi na moja hali ikarudi ileile, mahali palepale. Fundi wa pili alimwaga oili, akabadilisha filta na kuweka oili mpya ya CVT, na hilo lilisaidia kwa wiki chache tu. Mwezi Machi fundi wa tatu akaniambia kwamba giaboksi imekufa ndani na haina matengenezo. Nikanunua giaboksi ya mtumba kule kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, na pamoja na kazi ya kuifunga nikatumia shilingi 1,850,000. Kuanzia Aprili hadi Septemba gari lilikuwa zima kabisa, nami nikaamini kwamba nimetua mzigo.

Mwezi wa kumi hitilafu imerudi. Kodi ni zilezile, mlio ni uleule, na tena ni jioni kwenye foleni. Naomba mzingatie kwamba kwenye barabara iliyo wazi halijawahi kunigomea hata mara moja. Agosti nilikwenda nalo Morogoro na kurudi, karibu kilomita 190 kila upande, kwa mwendo wa 80 hadi 100 kwa saa, na halikuonyesha dalili yoyote. Asubuhi likiwa la baridi halina shida, na usiku pia halina shida. Fundi ninayekwenda kwake sasa anasema hii giaboksi ya pili nayo imeharibika na kwamba nitafute ya tatu, au angalau valvu bodi nyingine (kile kipande chenye njia na valvu zinazogawa oili ndani ya giaboksi). Kabla sijatoa tena fedha za aina hiyo, je, kuna jambo ambalo ningepaswa kulipima mwenyewe au kumwomba fundi alipime? Na inawezekanaje giaboksi mbili tofauti ziugue ugonjwa mmoja kwa saa ileile na mahali palepale?

Fundi_Gia_Tanga

Ndugu Mkazi, pole sana. Nimefanya kazi ya giaboksi za otomatiki kwa miaka kumi na saba, na hilo swali lako la mwisho ndilo ambalo mafundi wote watatu walipaswa kuanza nalo. Giaboksi mbili zilizotoka kwenye magari mawili tofauti, zenye umri tofauti na historia tofauti, zikionyesha kodi zilezile katika mazingira yaleyale, tafuta kitu ambacho zote mbili zimekishirikia. Kitu hicho hakiwezi kuwa ndani ya giaboksi.

Niruhusu nieleze kwanza chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo huwezi kumpima fundi anayekushauri. CVT haina gia za meno za kupandisha na kushusha kama otomatiki ya zamani. Ina puli mbili, moja inayopokea nguvu ya injini na nyingine inayoipeleka kwenye magurudumu, na katikati yake kuna mkanda wa chuma. Kila puli imegawanyika pande mbili zinazoweza kusogeleana au kuachana. Zikisogeleana mkanda hupanda juu, zikiachana mkanda huzama, na hivyo uwiano hubadilika taratibu bila wewe kusikia mshtuko. Wazo lenyewe ni la muda mrefu: Hub van Doorne wa Uholanzi alilionyesha kwenye gari dogo la DAF mwaka 1958, wakati huo akitumia mikanda ya mpira. Mkanda wa siku hizi umetengenezwa kwa vipande vidogo vya chuma, takriban 400, vilivyopangwa kama kurasa za kitabu na kushikiliwa na pete nyembamba za chuma pande mbili. Ukiushika mkononi unalegea kama mnyororo, na ndani ya giaboksi nguvu hupita kwa kile kipande kukisukuma kile kilicho mbele yake.

Sasa, kinachouzuia mkanda huo usiteleze kwenye puli ni presha ya oili peke yake. Tairi la gari lako lina presha ya kama bar 2 na kidogo, lakini presha inayobana puli inaweza kufika makumi ya bar unapokanyaga mafuta. Presha hiyo ikipungua, mkanda unateleza, chuma kinasuguana na chuma, na huo ndio mlio mwembamba uliousikia. Kompyuta ya giaboksi inaona presha iliyoagizwa haikupatikana, inaandika P0868, kisha inaliweka gari katika hali ya kujihami ili mkanda usikwanguke zaidi. Kwa hiyo gari lilipojivuta pale Ubungo lilikuwa linajilinda.

Presha hupungua kwa sababu nyingi. Oili ikiwa pungufu, pampu huvuta hewa. Filta ikiziba, pampu hukosa cha kuvuta. Solenoidi ikichoka au ikinasa, presha haifuati amri. Mtu akiweka oili ya ATF ya otomatiki ya kawaida badala ya oili ya CVT, msuguano kati ya mkanda na puli unakuwa si ule uliokusudiwa, na rangi haikusaidii kuzitofautisha kwa sababu watengenezaji hawafuati rangi moja. Lakini ipo sababu nyingine ambayo mafundi wengi wanaipita, nayo ni joto. Oili ikipata joto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji, inavuja kwenye nafasi ndogo ndogo za valvu bodi na pampu, na presha inashuka ingawa kila kifaa ni kizima. Gari likikaa robo saa oili inapoa, inarudi uzito wake, na gari linakwenda.

Hebu soma upya maelezo yako ukiwa na hilo akilini. Linagoma baada ya muda mrefu kwenye foleni, halijawahi kugoma barabara kuu, halina shida asubuhi wala usiku. Lilianza Novemba. Lilinyamaza kuanzia Aprili hadi Septemba, yaani masika na miezi ya baridi, na likarudi mwezi wa kumi, joto la Dar es Salaam lilipoanza kupanda. Ninaogopa kusema hivi kwa sababu ya fedha ulizotoa, lakini inawezekana kabisa kwamba kilicholiponya gari lako mwezi Aprili kilikuwa mvua.

Naomba unijibu mambo haya. Giaboksi ya mtumba ilipofungwa, ilikuja na kiboksi chake cha kupoozea oili, kile kidogo chenye mipira miwili ya maji ya rejeta, au fundi alihamisha kile cha zamani? Je, feni zote mbili za rejeta zinazunguka ukiwasha kiyoyozi? Oili ilipimwaje ilipowekwa? Magari mengi ya aina hii hayana dipstiki (kijiti cha kupimia oili), na kipimo hufanyika injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa mahali tambarare na oili ikiwa katika joto linalotajwa na kitabu, mara nyingi kati ya nyuzi 35 na 45. Fundi akijaza oili ikiwa baridi na injini imezimwa, hawezi kupata kipimo sahihi hata kwa bahati.

Tena, nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani, kinachosomwa kwa simu. Hakikisha programu utakayotumia inaweza kusoma joto la oili ya giaboksi ya gari lako, kwa maana si zote zinaweza. Mpe simu mtu mwingine asome wakati wewe unaendesha. Andika joto la maji ya injini na joto la oili ya giaboksi, barabarani na kwenye foleni. Na tafadhali usikubali mtu yeyote afute kodi kabla ya kuandika zile takwimu ambazo kompyuta ilizihifadhi dakika hitilafu ilipotokea. Mle ndani mna joto, mwendo na mizunguko ya wakati uleule, na zikifutwa, ushahidi wote umekwenda nazo.

Dereva_Changamwe

Ndugu Mkazi, nami pole kutoka Mombasa. Sipingi aliyoyasema fundi wa Tanga, ila nataka kuongeza jambo moja ambalo lilinigharimu mwaka mzima kulijua. Gari langu pia lilikuwa likigoma kwenye foleni, hasa nilipokuwa nangoja feri ya Likoni usiku huku taa, kiyoyozi na feni vyote vimewashwa. Mekanika wawili waliniambia giaboksi imekwisha. Wa tatu, kijana mdogo tu, alichukua kipimo cha umeme, akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa giaboksi, na akanionyesha kwamba kulikuwa na tofauti ya zaidi ya volti moja, mahali ambapo inatakiwa kuwa karibu na sufuri. Waya wa hasi unaofungwa kwenye giaboksi ulikuwa umeliwa na chumvi ya bahari mpaka umebaki nyuzi chache zenye ukungu wa kijani. Solenoidi zilikuwa nzima ila hazikuwa zinapata umeme wa kutosha. Waya mpya ulimaliza tatizo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, pima betri injini ikiwa inaunguruma, na kama alteneta inayochaji betri ni nzima utapata kati ya volti 13.8 na 14.4 au karibu na hapo. Halafu chomoa soketi kubwa ya giaboksi, betri ikiwa imefunguliwa, utazame kama ina maji, kutu au oili iliyopanda kwenye pini. Dar es Salaam ni pwani kama huku kwetu, na chumvi haichagui mji.

Mama_Wawili_Moro

Mimi si fundi, lakini nimekuwa na gari la CVT kwa miaka sita na ushauri wangu ni mfupi. Liuze, ununue lenye gia za mkono. Nimebadilisha giaboksi mara mbili, na kila mara muuzaji alinipa dhamana ya kuwashia tu, yaani ukishaiona inawaka na gari linasogea, dhamana imekwisha. Mwenye familia hawezi kuishi hivyo. Kaka yangu ana gari la gia za mkono la mwaka 1998 na hajawahi kufungua giaboksi yake.

Fundi_Gia_Tanga

Dada yangu wa Morogoro, uchungu wako nauelewa, na ni kweli kwamba gia za mkono zinavumilia mambo mengi ambayo CVT haivumilii. Lakini nikuulize kwa heshima: katika mara hizo mbili, yupo fundi aliyekuonyesha kilichoiua ile ya kwanza kabla ya kufunga ya pili? Ninapokea giaboksi nyingi zilizotolewa kwenye magari kwa sababu ya kodi tu, na sehemu yake nzuri nikizifungua nakuta puli zinang'aa na mkanda haujaguswa. Gari lenye hitilafu isiyojulikana ukimuuzia mtu mwingine, unamhamishia tatizo lilelile.

Ndugu wa Changamwe umesema kweli tupu kuhusu waya wa hasi. Ndugu Mkazi, hicho nacho kipime, kwa kuwa hakikugharimu chochote. Tofauti ninayoiona ni kwamba hitilafu ya umeme kwa kawaida haijali kama ni Julai au Novemba.

Mkazi_wa_Kimara

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Nimechukua siku tisa kujibu kwa sababu nilitaka nije na vipimo na si maneno.

Umeme uko sawa. Betri inasoma volti 14.1 gari likiwa linaunguruma, na kati ya hasi ya betri na mwili wa giaboksi kuna volti 0.04. Soketi ilikuwa kavu na safi.

Kuhusu kiboksi cha kupoozea oili, nilimpigia simu fundi aliyefunga giaboksi mwezi Machi. Alinijibu bila kuficha kwamba giaboksi kutoka Gerezani ilikuja bila kiboksi hicho, hivyo alihamisha kile cha zamani, akakipuliza kwa upepo na kukifunga. Nilipomuuliza kuhusu kipimo cha oili alisema alirudisha kiasi kilekile kilichotoka, akitumia chupa yenye alama.

Joto ndilo lililonishtua. Mke wangu alisoma simu kwa siku nne. Usiku, barabara ikiwa wazi kutoka mjini hadi Kimara, maji ya injini yalikuwa nyuzi 91 na oili ya giaboksi 88. Jumatano jioni, baada ya dakika hamsini kwenye foleni na kiyoyozi kimewashwa, maji yalikuwa 106 na oili 127. Ilipofika 129 gari likaanza kulia na mshale wa mizunguko ukapanda. Nilizima kiyoyozi, nikaweka gia huru (N), nikasimama pembeni na tukaangalia namba ikishuka moja moja. Ilipofika 104 nikaweka gia ya kwenda (D) na gari likaondoka kwa nguvu zake zote. Dashibodi yangu haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu ya hatari tu, na muda wote huo nyekundu haikuwaka.

Jumamosi nilifungua boneti injini ikiwa imepata joto na kiyoyozi kimewashwa. Feni ya kushoto inazunguka. Ya kulia imesimama. Nilizima gari kabisa, nikaigonga taratibu ule mgongo wa mota kwa mpini wa bisibisi, nikawasha tena, nayo ikazunguka kwa dakika moja hivi kisha ikasimama.

Fundi_Gia_Tanga

Umefanya kazi ambayo wengi wetu tulio kwenye gereji hatuifanyi, na nakushukuru kwa namba hizo kwa sababu zinasema mambo mawili na si moja.

La kwanza ni feni. Mota inayoamka ikigongwa kwa kawaida kaboni zake, zile zinazopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha na hazigusi vizuri. Kwenye barabara kuu upepo wa mwendo unapooza rejeta hata feni ikiwa imekufa, ila kwenye foleni hakuna upepo, na kiyoyozi kinaongeza moto wake mbele ya rejeta. Ndiyo maana maji yalifika 106.

La pili ni kubwa zaidi. Kile kiboksi kazi yake ni kupitisha oili upande mmoja na maji ya injini upande wa pili ili joto la oili lichukuliwe na maji. Kikiwa kizima, oili haiachani mbali na maji. Wewe una maji 106 na oili 127, pengo la nyuzi 21. Feni peke yake haielezi pengo hilo, kwa hiyo nadhani maji hayapiti vizuri ndani ya kiboksi. Mwombe fundi mwenye kipimajoto cha miale apime mpira unaoingiza maji na ule unaotoa, injini ikiwa ya moto, bila kushika kwa mkono. Ikiwa mpira mmoja unaungua na mwingine ni vuguvugu, maji yamesimama. Na niambie, wewe au aliyekutangulia mlikuwa mkijaza nini kwenye rejeta? Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu, au maji ya bomba?

Kuhusu oili iliyorudishwa kwa chupa, usiendelee nayo. Imeshapikwa hadi nyuzi 129, na kiasi kilichotoka kwenye giaboksi ya kwanza hakisemi chochote kuhusu kiasi kinachohitajika na ya pili, ambayo huenda ilimwagika yote ilipokuwa dukani. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa, tazama sumaku zilizo chini yake. Ute mwembamba wa kijivu kama majivu yaliyoloa ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyokwaruza kidole, mkanda umekwisha kuumia na tutaongea lugha nyingine.

Mkazi_wa_Kimara

Narudi baada ya wiki tano.

Mpira wa kuingiza maji ulisoma nyuzi 98 na wa kutoa 61. Fundi alipokifungua kiboksi na kukiinamisha, upande wa maji ulitoa tope la rangi ya udongo mwekundu, na alipojaribu kupuliza kwa mdomo hewa haikupita. Jibu la swali lako, ndugu wa Tanga, ni maji ya bomba. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyajaza kwa miaka mitatu, kwa sababu muuza maji pale kituoni alikuwa karibu na kulanti ilionekana ni gharama isiyo ya lazima.

Tumefunga kiboksi kipya na mota mpya ya feni, tumesafisha mfumo wa maji mara mbili mpaka yakatoka meupe, tukajaza kulanti. Oili imebadilishwa kwa ile hasa inayotajwa kwenye kitabu, ikapimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa nyuzi 40, na ikabidi tuongeze karibu lita moja juu ya kiasi kilichokuwamo. Sumaku zilikuwa na ute wa kijivu tu. Nilipitisha kidole mara mbili, hakikukwaruza. Gharama yote, pamoja na oili na kazi, ni shilingi 415,000.

Tangu hapo nimepita Ubungo jioni siku ishirini na tatu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Joto la juu kabisa tulilosoma kwenye oili ni nyuzi 97, siku ile ambayo foleni ilianzia Magomeni. Hakuna kodi iliyorudi, hata ile isiyowasha taa.

Fundi_Gia_Tanga

Nimefurahi kutoka moyoni. Mwaga tena oili hiyo baada ya kilomita 10,000, usisubiri zaidi, kwa sababu mabaki ya ile iliyoungua bado yamo kwenye pembe ambazo hazimwagiki. Sumaku zitazamwe tena siku hiyo. Na kile kifaa cha OBD kiache mahali pake hadi Machi ipite, kwa maana Januari na Februari ndizo zitakazolipima gari lako kikweli.

Ile giaboksi ya kwanza iliishia wapi?

Mkazi_wa_Kimara

Bado iko kwa fundi wa tatu, nyuma ya gereji, imefunikwa kwa turubai. Alikuwa ameshapata mtu wa kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Nimempigia simu leo asubuhi, na amekubali kuniwekea hadi Jumamosi ili tuifungue pamoja na kutazama nyuso za puli.